HOSPITALI INAFUNGWA BILA KUFULI: Sababu gani tumeondoa barua yetu juu ya kitabu cha pointi



Mwezi wa kumi na moja sisi wa komite ya wanafunzi tulimwandikia Bwana Prefe barua. Wengi wenu mliitia sahihi. Tuliomba jambo moja tu: kitabu kikubwa cha pointi kiachwe. Mnakijua wote. Kiko na ganda jeusi, kinalala ndani ya kabati ya chuma, na mwisho wa kila periodi wafinalisti wenye mwandiko mzuri wanakaa siku mbili wakinakili ndani yake pointi za shule nzima, kilasi kwa kilasi. Tuliandika hivi: "Pointi zimekwisha kuingia katika kompyuta ya sekretariati. Kuziandika tena kwa mkono ni kuumiza vidole bure, na sisi tuko na Examen d'Etat mbele yetu."

Bwana Prefe alituita. Hakukasirika. Alisema: "Mbele nijibu, mutafute kwanza ni nini ilifikia mahospitali ya Ireland katika mwaka wa 2021. Mukisha kuelewa, muandike ndani ya gazeti lenu kusudi kila mutu asome. Kiisha mutakuja kuniambia kama barua yenu ingali na nguvu."

Tumetafuta. Tumesoma, tumemsumbua sana mwalimu wa informatike, tumebishana sisi kwa sisi. Haya ndiyo tuliyopata.

1. NI WEZI WA NAMNA GANI?

Mwizi wa kawaida anataka kitu chenyewe. Anachukua mbuzi wako kwa sababu anataka nyama ao feza ya mbuzi. Sisi wa upande huu tunajua vilevile mwizi wa namna ya pili: yule anayeshika mtu njiani, kiisha anatuma habari kwa jamaa yake: "Mulete feza, ndipo mutamwona tena." Huyu hana haja na mtu aliyemshika. Haja yake ni mapendo ya jamaa. Anajua kama kule nyumbani hawatalala.

Wezi tunaowaeleza leo wanafuata hila hii ya pili, lakini hawashiki watu, wanashika maandiko. Wanatengeneza programu ya kompyuta. Programu hiyo ikiingia katika mashini za hospitali, za shule, za kiwanda ao za serikali, inageuza yote yaliyoandikwa humo kuwa fujo isiyosomeka: majina ya wagonjwa, matokeo ya damu, picha za radio, hesabu za mishahara. Kiisha inaacha tangazo kwenye ekra: lipa kiasi hiki mpaka siku fulani, nasi tutakupa ufunguo, usipolipa, umepoteza vyote. Wataalamu wanaiita ransomweya. Sisi hapa tutasema "programu ya fidia".

Angalieni vizuri: mara ya kwanza hakuna kitu kilichotoka ndani ya nyumba. Maandiko yangali pale pale. Mwenye nyumba ndiye aliyefungiwa inje.

2. UFUNGUO WENYEWE NI HESABU

Wadogo wetu wa kilasi ya saba wanaandikiana barua za siri kwa kurusha kila herufi nafasi tatu mbele: A inakuwa D, B inakuwa E. Kwa hiyo neno MASOMO linakuwa PDVRPR. Mwalimu akikamata karatasi, haelewi kitu. Rafiki anayejua hesabu "tatu" anarudisha herufi nyuma, anasoma. Hiyo "tatu" ndiyo ufunguo.

Ufunguo huo ni mwepesi. Alfabeti iko na herufi 26, basi mtu akijaribu mara 25 ataupata mbele ya kengele kulia. Lakini programu ya fidia inachagua ufunguo wake kati ya hesabu nyingi sana: ukitaka kuandika idadi yake unatumia tarakimu 39, na mara nyingine zaidi. Hata mashini zote za dunia zikijaribu pamoja hazitamaliza.

Mmoja wetu aliuliza: "Lakini ufunguo umetumiwa ndani ya kompyuta ya hospitali. Si wautafute humo?" Ni swali zuri, na jibu lake lilitushangaza. Fikirini kufuli ya kubana. Mtu yeyote anaweza kuibana ikafunga. Kuifungua kunaomba ufunguo. Tangu mwaka wa 1977 wataalamu wa hesabu wanajua namna ya kutengeneza kufuli kama hiyo kwa hesabu peke yake. Wezi wanatuma kufuli iliyo wazi pamoja na programu. Programu inafunga maandiko, kiisha inachukua ufunguo uliofunga maandiko na kuubania chini ya kufuli ile. Ufunguo wa kufuli yenyewe haukufika hata siku moja katika hospitali. Unabaki kwa wezi.

Hesabu hiyo si mbaya. Hiyo hiyo inalinda feza tunazotumiana kwa simu. Kisu kinakata mkate, kinakata na mkono.

3. ILIANZA ZAMANI KULIKO TULIVYODHANI

Tulifikiri jambo hili ni la jana. Hapana. Katika mwezi wa Desemba 1989, disketi kama 20.000 zilitumwa kwa posta kwa watu wa inchi nyingi. Wengine kati yao walikuwa wamehudhuria mkutano wa Shirika la Afya Duniani juu ya SIDA. Disketi iliahidi kumwelezea mtu hatari yake ya kupata ugonjwa huo. Mashini ilipokwisha kuwashwa mara kama 90, majina ya faili yalifichwa, na tangazo likaomba dola 189 zitumwe kwa sanduku la posta kule Panama. Mtu aliyeshitakiwa, Joseph Popp, alikuwa mtaalamu wa biolojia. Mahakama ya Uingereza iliona kama akili yake haikuwa na uzima wa kuweza kuhukumiwa.

Kufuli ya Popp ilikuwa zaifu, wataalamu waliifungua upesi. Tena sanduku la posta linaweza kuchungwa na polisi. Lakini kiisha mambo mawili yalibadilika: kufuli za hesabu zilikuwa ngumu, na tangu mwaka wa 2009 kukawa Bitcoin, feza ya kompyuta inayopita toka inchi mpaka inchi pasipo benki. Mwizi hana haja tena ya sanduku kule Panama.

Leo kazi hiyo imekuwa kama biashara. Katika mwaka wa 2022 maneno ya siri ya kundi moja, Conti, yalimwagwa mbele ya watu wote. Yalionyesha kundi lenye wakubwa na wafanyakazi wanaolipwa mshahara kila mwezi, kama ofisi yoyote. Makundi mengine yanakodisha programu yao: mmoja anatengeneza, mwingine anaenda kuiba, kiisha wanagawa.

4. SABABU GANI HOSPITALI?

Kwa sababu hospitali haiwezi kungoja. Duka likifungwa siku tatu, mteja anaenda duka lingine. Mwanamke anayezaa hawezi kuambiwa arudi juma lijalo. Mwizi anajua jambo hilo, naye anaweka bei yake juu ya haraka ya mgonjwa.

Siku ya tano, tarehe 12 Mei 2017, programu iliyoitwa WannaCry iliingia katika kompyuta zaidi ya 200.000 za inchi kama 150. Ilikuwa inaruka yenyewe toka mashini mpaka mashini. Iliomba dola 300, na baada ya siku tatu 600. Kule England vikundi vya hospitali wakati ule vilikuwa 236. Kama 80 viliguswa. Ilihesabiwa kama randevu zaidi ya 19.000 za wagonjwa ziliharibika, na katika sehemu tano wagonjwa wa haraka walipelekwa mbali zaidi. Hakuna hospitali ya serikali kule iliyolipa, lakini hasara ilikadiriwa kuwa milioni 92 za pound.

Kijana mmoja Mwingereza, Marcus Hutchins, ndiye aliyeizuia. Aliona kama programu, mbele ya kufunga, inauliza kwanza anwani fulani ya intaneti ambayo haikuwa na mwenyewe. Aliiandikisha anwani hiyo. Programu ilipopata jibu, ikasimama.

Lakini neno la uchungu ni hili: tundu lililotumiwa na WannaCry lilikuwa limepata dawa. Kampuni ya Microsoft ilitoa matengenezo yake mwezi wa Machi 2017, miezi miwili mbele. Mashini zilizoumia ni zile ambazo hakuna mtu aliyezipa dawa hiyo.

5. IRELAND, MWAKA WA 2021

Sasa tufike pale Bwana Prefe alipotutuma. Katika Ireland shirika moja la serikali, HSE, linaongoza mahospitali na kazi za afya za inchi nzima. Wakati ule lilikuwa na kompyuta zaidi ya 70.000.

Tarehe 16 Machi 2021 barua pepe ilitumwa kwa mfanyakazi mmoja, na faili ya hesabu ikiwa ndani. Tarehe 18 aliifungua. Basi, ni hayo tu. Hakuna mlango uliovunjwa. Wezi, kundi lile la Conti, waliingia katika mashini hiyo, kiisha wakatembea polepole toka seva mpaka seva kwa majuma nane. Dalili zilionekana. Programu ya ulinzi ilitoa onyo. Siku moja tu mbele ya shambulio, kampuni iliyochunga mashini iliandika kama kuna hatari zisizoshughulikiwa. Walioambiwa hawakuelewa uzito wake.

Usiku wa kuamkia tarehe 14 Mei wezi walifunga. Karibu sehemu 80 kwa 100 ya mfumo ilifumbwa. Asubuhi HSE ilizima mashini zote za inchi kusudi moto usienee. Waganga waliamka hawana fishi za wagonjwa, hawana picha za radio, hawana matokeo ya labo. Kule Dublin, hospitali ya kuzalisha ya Rotunda iliwaomba wanawake wasije kwa randevu za kawaida, isipokuwa wenye haraka na wale ambao mimba yao ilifika majuma 36 ao zaidi. Wagonjwa wa kansa walichelewa kupata matibabu ya miali. Watu walichukua kalamu na karatasi, na matokeo yakapelekwa kwa mkono toka chumba mpaka chumba. Wanajeshi waliitwa kusaidia.

Serikali ilisema kama haitalipa. Tarehe 20 Mei wezi wenyewe walitoa ufunguo bure. Mtu angedhani: basi, yamekwisha. Hapana! Ilifaa kwanza kuhakikisha kama ufunguo huo hauna sumu, kiisha kufungua seva moja kwa moja na kuzisafisha. Mpaka tarehe 21 Septemba ndipo kazi ilikaribia kumalizika. Ni miezi minne, na ufunguo wakiwa nao mkononi. Gharama ilipita milioni 100 za euro.

Neno moja la ripoti iliyotolewa mwezi wa Desemba 2021 lilitunyamazisha sisi watu wa barua. Nakala za akiba za HSE zilikuwa zikiwekwa kwenye kanda zilizotengwa na mashini mara moja moja tu, si kila mara. Kwa hiyo, kama wezi wasingalitoa ufunguo, kuna uwezekano mkubwa kama sehemu ya habari za wagonjwa ingalipotea kabisa. Inchi tajiri ilibaki ikitegemea wema wa mwizi.

6. JE, WATU WANAKUFA KWA AJILI YA HAYO?

Hapa inafaa kusema kweli bila kuongeza chumvi.

Mwezi wa Septemba 2020, kule Düsseldorf katika Ujerumani, seva 30 za hospitali ya chuo kikuu zilifungwa. Mwanamke wa miaka 78 aliyekuwa katika hatari alipelekwa na ambilansi mpaka mji wa Wuppertal, kama kilometa 30. Alichelewa karibu saa nzima, akafa. Polisi ilipowaambia wezi kama wamefunga hospitali, walitoa ufunguo na kutoweka. Tangazo lao lilikuwa limeandikwa kwa chuo kikuu. Ni kama walikosea mlango. Waamuzi walichunguza kama hii ni kuua. Mwishoni walisema haiwezi kuhakikishwa, kwa sababu ugonjwa wake ulikuwa mzito na labda angalikufa hata hivyo. Basi tusiseme zaidi ya waliyoyaona.

Tarehe 3 Juni 2024 shambulio lilipiga Synnovis, kampuni inayopima damu kwa mahospitali makubwa ya London. Hapa somo letu la biolojia linasaidia: bila kupima upesi kundi la damu ya mgonjwa, inafaa kumpa damu ya kundi O, inayopokelewa na wote. Kwa hiyo damu ya O ilipungua, na wenye kundi hilo waliombwa waje kutoa. Randevu zaidi ya 10.000 na kazi za kupasua na matibabu mengine zaidi ya 1.700 ziliahirishwa. Katika mwezi wa Juni 2025 kundi la hospitali la King's College lilisema kama mgonjwa mmoja alikufa wakati ule, na kuchelewa kwa matokeo ya damu yake ni moja ya sababu zilizochangia.

Wala tusifikiri ni mambo ya Ulaya. Mwezi ule ule wa Juni 2024, katika Afrika Kusini, wezi waliingia katika shirika la taifa la malabo ya afya, NHLS, lenye malabo 265. Mashini za kupima damu zilikuwa nzima, lakini matokeo hayakuweza kufika kwa waganga. Yale ya haraka yalisomwa kwa simu. Na wezi hawakufunga tu, walifuta sehemu za mfumo, hata katika seva ya nakala za akiba. Chungeni neno hili, tutalirudia.

7. KULIPA NI DAWA?

Wengine kati yetu walisema: "Mutu akiwa na feza alipe, ayamalize." Basi msikie habari ya Change Healthcare, kampuni ya Marekani inayopitisha malipo kati ya mahospitali, maduka ya dawa na bima. Katika mwezi wa Februari 2024 wezi waliingia kwa neno la siri lililoibiwa, kwa mlango usiokuwa na hakikisho la pili. Mkubwa wa kampuni mama wakati ule, Andrew Witty, alikubali mbele ya Congress ya Marekani kama walilipa dola milioni 22. Ni nini ilifuata? Wakubwa wa wezi walitoweka na feza. Mwenzao aliyefanya kazi alisema hakupata fungu lake na kama habari za wagonjwa zingali mikononi mwake. Kiisha kundi lingine likaja kuomba mara ya pili. Habari za watu zaidi ya milioni 190 ziliguswa.

Hii ndiyo hila mpya: siku hizi mbele ya kufunga wanatoa nakala, kiisha wanatisha kutangaza siri za wagonjwa. Ufunguo unaweza kununuliwa. Ukimya wa mwizi haununuliwi; unakodishwa tu.

Tazameni sasa mfano mwingine. Mwezi wa Machi 2019 kampuni ya Norsk Hydro ya Norwe, yenye kutengeneza aluminiumu, iliyokuwa wakati ule na wafanyakazi 35.000 katika inchi kama 40, ilifungwa. Ilikataa kulipa. Ilisema ukweli mbele ya watu wote, ikarudi kwa karatasi, na hata wazee waliokwisha kustaafu walirudi kiwandani kwa sababu wao walijua kazi namna ilivyofanywa mbele ya kompyuta. Mashini zilijengwa tena kwa nakala za akiba. Walipata hasara ya mamilioni ya dola, ndiyo. Lakini walisimama kwa mali yao wenyewe.

8. TULIYOYAONA HAPA KWETU

Baada ya kusoma hayo tulimwomba Bwana Sekreteri atuonyeshe namna pointi zetu zinavyochungwa. Alikubali kwa moyo mwema, nasi tunamshukuru.

Jambo la kwanza. Kuna nakala moja ya akiba, kwenye diski ndogo ya inje. Diski hiyo inakaa imechomekwa katika kompyuta mchana na usiku. Mkumbuke Afrika Kusini: programu ya fidia inafunga kila kitu inachoweza kugusa. Diski iliyochomekwa ni kama ufunguo wa akiba ulioning'inizwa kwenye mlango wenyewe.

Jambo la pili. Tulihesabu kle za USB zilizopita katika mashini hiyo kwa juma moja: 14. Nyingi zilitoka kwa wanafunzi, na sisi wa komite tuko kati yao, tulienda kuchapisha programu ya sikukuu.

Jambo la tatu, na hapa tunaona haya. Tulichagua majina 40 ndani ya kitabu cheusi, tukayalinganisha na kompyuta. Matatu yalikuwa na pointi zisizofanana. Tulipochunguza karatasi za waalimu, kompyuta ilikuwa na haki mara zote tatu. Makosa yalikuwa ya wanakili, ndio sisi. Mmoja wa wanafunzi hao angalipotezewa pointi 12 za hesabu kama kitabu kingebaki peke yake.

Mambo mengine tuliyoyaona tumemwambia Bwana Prefe peke yake. Si ya kuchapa katika gazeti.

Basi hatusemi kama karatasi ni nzuri na kompyuta ni mbaya. Karatasi inaungua, panya anaila, mvua inaiharibu. Katika upande wetu huu shule nyingi zimepoteza maandiko yao kwa vita. Kitu kilichoandikwa mahali pamoja tu, hata kikiwa juu ya chuma, kiko tayari kupotea. Wataalamu wana kanuni fupi: nakala tatu, za namna mbili, na moja ikae mbali. Sisi tunaongeza: nakala ambayo hakuna mtu aliyeijaribu haijawa nakala, ni tumaini tu.

9. JIBU LETU KWA BWANA PREFE

Kwa hiyo, sisi wa komite tunaondoa barua yetu ya mwezi wa kumi na moja. Wale waliotia sahihi na hawakubaliani nasi waje tuzungumze. Tuko tayari kusikia. Mahali pake tunaomba haya:

a) Kitabu cheusi kiendelee, lakini wawili wawili: mmoja anasoma, mwingine anaandika, kiisha wanabadilishana kwa kuhakikisha. Kilasi inayotufuata ianze kusaidia, kusudi tukienda kazi isife pamoja nasi.

b) Diski ya akiba ichomekwe siku ya tano saa ya kunakili, kiisha itolewe na ilale katika kabati ya chuma. Nakala ya pili ikae katika nyumba nyingine, mbali na sekretariati.

c) Kle ya mwanafunzi isiingie tena katika mashini ya pointi. Kwa kuchapa kazi zetu itumiwe ile kompyuta ya zamani ya sale ya informatike.

d) Mashini ipewe matengenezo yake kila wakati intaneti inapopatikana. Neno la siri liwe refu, na wenye kulijua wawe wawili tu.

e) Mwisho wa kila periodi yachukuliwe majina kumi, yalinganishwe katika nakala zote.

Na neno moja kwa wote, hata kwa mdogo kabisa wa kilasi ya saba. Yule mfanyakazi wa Ireland hakuwa mjinga wala mwovu. Alifungua barua, kama tunavyofungua sisi kila siku katika simu zetu. Ukipokea kitu chenye kukuharakisha, "fungua sasa, umeshinda, utafungiwa", simama kwanza, uliza mtu. Na kama umekwisha kufungua, usifiche kwa kuogopa kiboko. Sema siku ile ile. Kule Ireland wezi walitembea majuma nane ndani ya nyumba. Wizara ya Afya ya inchi ile ile, waliojaribu kuifunga usiku ule, iliweza kuwazuia kwa sababu programu zake za ulinzi zilikuwa tayari. Tunaomba waalimu nao wapokee anayesema kweli bila kumpiga, maana mtoto akiogopa kusema, mwizi ndiye anayefaidika.

Bwana Prefe amekwisha kusoma mistari hii. Aliweka alama kwa kosa moja la sarufi, kiisha akasema: "Sawa. Sasa munaweza kuanza."

Kunakili kwa periodi hii kunaanza siku ya nne ya juma lijalo, saa nane, katika sale ya waalimu. Kila mtu alete kalamu yake ya bluu, na mwenzake wa kumsomea.

Kwa jina la komite ya wanafunzi,
Doyen wa wanafunzi, kilasi ya wafinalisti